Serikali ya Canada Inauliza Ninaishi na Nani

Leamington, Ontario
9 Aprili

Mama yangu mpenzi, Bi Icilda,

Pokea salamu za kitindamimba wako. Zinatoka kwenye baridi lakini nimezifunga vizuri, nadhani zitakufikia zikiwa bado na joto. Mimi ni mzima kabisa, nakula, nalala, na meno yangu yote yapo. Hofu yangu iko kwako huko Buff Bay. Goti linasemaje siku hizi? Najua mvua ya milimani ikianza linakuamsha kabla ya jogoo. Na Miss Ivy wa jirani, bado anakuja kuazima sukari na kuacha umbea? Mpe salamu zangu, yeye na Mchungaji na kina mama wote wa kwaya, hasa wale wanaoimba kwa nguvu bila kuujua wimbo. Nawakumbuka kila Jumapili.

Kazi inaendelea, namshukuru Mungu. Niliposhuka kwenye ndege Februari nilikuwa nimevaa mashati matatu, na bado upepo ulinizaba kofi. Lakini ndani ya nyumba za vioo, kwenye nyanya, ni joto mpaka unatamani uvue hata ngozi. Tunapunguza majani, tunazungushia mashina kamba, tunavuna. Bweni ni lile lile: wanaume tisa, jiko moja, na Shemasi Fitzroy bado ndiye mpishi wetu wa Jumapili. Unamkumbuka Shemasi, yule mnene wa Porus niliyekuonyesha kwenye picha, ukasema ana uso wa mtu anayemaliza chakula cha wageni. Hukukosea. Ila wali wake wa maharage, Mama, naomba unisamehe, unaukaribia wako.

Sasa keti. Kama umeshaketi, egemea. Nina habari ndefu, na mwisho wake kuna ombi, na kabla ya ombi kuna jambo ambalo nimelificha miaka mitano. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanijua na mimi nakujua: nikifika katikati ya sentensi unanikatia, naachwa naongea na mlio. Barua haikatwi. Usikasirike mpaka ifike mwisho. Ukifika mwisho, kasirika upendavyo. Jua tu tangu sasa kwamba sichezi. Jibu lako ndilo litakaloamua kama Novemba nikirudi Jamaika nitakuwa na mlango wa kugonga au la.

Jambo lenyewe limeletwa na kodi. Wewe unajua kwamba sisi wa msimu hukatwa kodi kwenye mshahara hata kabla hatujauona. Kisha mwaka unaofuata, kabla Aprili haijaisha, inakubidi uwaandikie watu wa kodi, uwaeleze ulifanya kazi wapi, miezi mingapi, na kubwa kuliko yote, kwenu ni wapi. Wanataka kujua kama wewe ni mkazi wa hapa au ni mpita njia aliyekuja kuchuma nyanya na kurudi. Mpita njia anaulizwa habari za kazi yake ya hapa, basi. Mkazi wanamfuata mpaka kwenye mbuzi wake aliowaacha nyumbani.

Basi mara yangu ya kwanza kujaza tulikaa sote tisa mezani, fomu ziko mbele yetu, kila mtu anamtazama mwenzake kama wanafunzi waliokuta mtihani wa darasa la juu. Shemasi peke yake ndiye aliyekuwa na uso wa kujiamini, maana amefundisha shule ya Jumapili miaka kumi na miwili. Akajaza yake polepole, akiomba Mungu kila baada ya mistari miwili. Ikaenda, ikakubaliwa bila swali. Tangu siku hiyo fomu ya Shemasi ikawa ndiyo Biblia yetu. Tuliitoa nakala, tukaibandika ukutani pembeni ya friji, na kila Machi wanaume wanane wanapanga foleni na kalamu, wananakili. Jina unaweka lako, mshahara unaweka wako. Yaliyobaki unafuata Shemasi alivyoandika. Hatukuona ubaya. Kitu kimeshapita salama mara moja, kwa nini ukiguse?

Sasa, Shemasi hajaoa. Wewe mwenyewe ulisema hakuna mwanamke anayeweza kushindana na sahani. Anaishi na mama yake, Bi Hortense, kwenye nyumba namba kumi na nne, pale Porus. Kwa hiyo fomu yake ilisema hivyo: hajaoa, anaishi na mama yake, na anwani ikafuata. Na sisi tukaandika hivyo hivyo. Anwani nayo tuliinakili kwa sababu ni nani kati yetu mwenye nyumba yenye namba? Wengine wanaishi "panda kilima, pita kanisa la bati, uliza kwa Maas Bertie." Tulisema namba kumi na nne inatosha, barua zikija Bi Hortense atatutunzia.

Mama, kwa miaka mitano, kwenye makaratasi ya serikali ya Canada, mwanao amekuwa akiishi Porus na mama wa mtu mwingine. Hilo ni kosa la kwanza, nakuomba radhi. Najua Bi Hortense hajui hata kupika chai.

Mwezi uliopita bahasha za kahawia zikaingia bwenini, tisa, zote siku moja. Barua zilikuwa za adabu kabisa, hazikutukana mtu. Zilisema tu kwamba wao wameona wanaume tisa, wenye majina tofauti ya ukoo, wote hawajaoa, wote wanaishi kwenye nyumba moja na mama yao, na wangependa kuelezwa vizuri zaidi. Kila mmoja aonyeshe kwa uthibitisho kwao ni wapi na nani yuko huko. Tulipewa siku thelathini. Asiyeweza kuonyesha ana kwao kwingine, watamhesabu kuwa kwao ni hapa, maana ndipo anapokaa miezi minane ya mwaka.

Shemasi alisoma kwa sauti, akafika mwisho, akavua miwani. Tulicheka, Mama! Tulicheka mpaka mmoja akateleza kwenye kiti. Kisha Shemasi akampigia mama yake kumweleza, na Bi Hortense akasikika bweni zima bila hata spika. Alisema yeye alizaa mara moja tu, tena kwa shida, na kama sasa ana wana tisa basi hao wanane wengine wamweleze kadi zao za Siku ya Mama zilipotelea wapi. Alimwambia Shemasi kwamba akithubutu kurudi na hata mmoja wao mlangoni, wote watalala kwenye banda la nguruwe. Tukamwimbia "Mama, Mama" kwenye simu, naye akatutukana kila mmoja kwa zamu.

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu. Nilijua lile swali lingenifikia mimi, na nilikuwa nimeonywa. Mtu mmoja nyumbani alikuwa ameniambia, kabla sijapanda ndege, kwamba mwaka huu nikiulizwa ninaishi na nani, nijibu kwa akili. Nitafika hapo. Usiniharakishe.

Hapa mjini yuko mama mmoja anaitwa Bi Friesen, mwalimu mstaafu, mweupe wa nywele na wa kila kitu, anayesaidia wafanyakazi wa msimu kujaza fomu kwenye chumba cha chini cha kanisa lao, kila Jumanne na Alhamisi. Hatozi kitu. Anatupa na mikate mitamu aliyooka mwenyewe. Tukamwendea sote tisa, tumechana nywele, kama watu wanaopeleka posa. Akazipanga zile nakala za fomu zetu mezani, akazitazama, halafu akatuambia kwamba amefundisha miaka thelathini na minne na daftari lililonakiliwa analinusa akiwa bado kwenye korido. Alichukua kalamu nyekundu. Shemasi akapewa kumi juu ya kumi. Sisi wanane alitupa sifuri, moja moja, huku akitutajia majina.

Kisha akaanza kutuita mmoja mmoja kwenye meza ya pembeni. Zamu yangu ilipofika aliniuliza kwa upole, kama mtu anayekuuliza unaumwa wapi. Nina gari Jamaika? Sina. Nina mifugo? Mbuzi wawili, mmoja mwizi. Niko kwenye chama chochote? Nikasema chama cha domino, mimi ni makamu mwenyekiti. Akaandika. Nasali wapi? Nikataja kanisa lako, Mama, nikaona aibu kidogo kwa sababu mara ya mwisho ilikuwa Pasaka ya mwaka juzi. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda.

Ndipo akauliza, siku niliyoondoka kuja Canada, niliamka kwenye nyumba ya nani. Na nguo nilizoacha ziko kwenye kabati la nani. Na nikirudi, nani ananifungulia mlango.

Nikamjibu kile ambacho nimekuwa nikikujibu wewe, kwamba nimepanga chumba kwa fundi cherehani, pale Old Harbour. Bi Friesen akanitazama juu ya miwani. Akauliza huyo fundi ana jina gani. Mama, miaka mitano, sijawahi kumpa jina! Nikasema anaitwa Bwana Cherehani. Hakucheka. Aliweka kalamu yake chini, akasema karatasi hii ina mahali pa sahihi, na sahihi ni kiapo, na yeye hatamsaidia mtu kuapa uongo hata kama anampenda. Akanipa mkate mmoja wa ziada, akaniambia nirudi Alhamisi nikiwa nimekumbuka ninaishi wapi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi sikiliza, Mama.

Hakuna fundi cherehani. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga siku ile uliponiambia nichague, wewe au Novlette.

Ndiyo, Novlette yule yule. Muuza samaki. Yule uliyesema ana mdomo mpana kuliko kikaango chake, amenizidi miaka tisa, ana mtoto wa mwanamume mwingine, na kwamba huwezi kumpokea mwanamke aliyekutwa sokoni wakati mpwa wa Mchungaji yupo na anajua piano. Ulisema hutaki hata kumwona uso, na kweli hujamwona mpaka leo. Mimi nikakuambia nimemwacha. Uongo, Mama. Sikumwacha hata siku moja. Nilitoka kwako, nikapanda basi, nikashuka Old Harbour, nikaingia ndani kwake nikalala. Nipo pale mpaka leo.

Ile jamu ya mapera uliyomtumia fundi Krismasi ya mwaka juzi, Novlette aliila yote na kijiko, akasema huyu fundi ana bahati. Na ile sketi yako ya Pasaka, uliyonipa nimpelekee fundi aipunguze kiunoni, ukaivaa kanisani ukiwaonyesha kina mama mshono usioonekana, mkono ule ni wake. Alikaa nayo siku mbili. Aliifumua mara tatu kwa sababu alisema mama mkwe hata asiyekutaka haendi kanisani na mshono uliopinda. Nilitaka kukuambia siku ile uliposema fundi huyu Mungu amempa mikono.

Na yule mtoto, Tashana, ana miaka kumi sasa. Alikuwa na mitano nilipoingia pale. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha baiskeli, na mimi ndiye ninayeitwa shuleni akipigana, na anapigana, anawapiga hata wavulana. Ananiita baba. Sikumwomba. Siku ya kwanza aliponiita hivyo nilikuwa nimeshika sahani ya samaki na mkate wa muhogo, nikaenda kulia nyuma ya nyumba, sahani mkononi, mbuzi akala chakula chote. Nakuambia haya kwa sababu ni kweli, hata kama nayaonea haya.

Sasa yule aliyenionya ni Novlette. Januari alikuwa anapanga begi langu akaikuta nakala ya fomu ya mwaka jana. Akaisoma. Unamjua kwa sifa, Mama: Novlette akikasirika Old Harbour yote inajua bei ya samaki imepanda. Siku ile hakupiga kelele. Aliketi kitandani na karatasi yake mapajani akaniuliza, taratibu tu, eti hajaoa, anaishi na mama yake. Basi mimi nilikuwa wapi? Miaka mitano nafua mashati yako, nilikuwa wapi? Nikamweleza habari ya Shemasi na ukuta na friji. Akasema kunakili anaelewa, watu wote wananakili. Ila kila mwaka kalamu ilipofika kwenye ule mstari, mkono ulikuwa wangu, na kila mwaka niliupita. Akasema kwa mama yako umenificha nikavumilia, kwa sababu ni mama. Lakini mpaka Canada, Clovis? Huko nako kuna mtu unayemwogopa?

Akakunja karatasi akairudisha begini. Aliniambia mwaka huu wakiuliza tena, na nikaandika tena kwamba ninaishi na mama yangu, basi niende kweli nikaishi na mama yangu; atazitia nguo zangu kwenye basi la Buff Bay pamoja na yule mbuzi mwizi. Na kisha akaniombea safari njema, akanifungia samaki wa kula njiani. Mama, nimewahi kutukanwa na watu wenye kipaji, wewe ukiwa wa kwanza, lakini hakuna lililowahi kuniuma kama wale samaki.

Alhamisi nikarudi kwa Bi Friesen nikamwambia kila kitu, kuanzia fundi mpaka mbuzi. Safari hii alicheka, akajifuta machozi na kitambaa cha mikate. Halafu akanieleza kwamba kwa hesabu za kodi za hapa, watu wakikaa nyumba moja kama mume na mke kwa mwaka mzima mfululizo, wanahesabiwa ni mume na mke, pete au hakuna pete. Na miezi ya kazi haivunji, kwa sababu mtu anaenda kazini na kurudi kwake. Akanyoosha mkono akanipa hongera, eti nimeoa. Nikamuuliza nani kaniozesha. Akasema kalenda.

Niliporudi bwenini na habari hiyo, Shemasi aliweka mwiko chini. Alisema serikali imefanya kazi ya mchungaji bila sadaka wala keki. Wenzangu wakanizunguka wakipiga masufuria, wakaniita bwana harusi, wakaniosha miguu kwenye beseni la vyombo. Watatu kati yao, nikaona, wanahesabu vidole. Nao walikuwa wanagundua kwamba wameoa. Lakini baada ya kelele kuisha Shemasi alinivuta pembeni. Aliniambia kwamba mimi si mwoga wa Novlette wala wa kodi, mimi ni mwoga wa mama yangu, na mwanamume wa miaka thelathini na nane aliyejificha nyuma ya fundi cherehani asiyekuwepo anapaswa kutubu. Nikamwambia yeye anaishi na mama yake. Akasema ndiyo, na mama yake anajua.

Kwa hiyo nimeandika, Mama. Bi Friesen alinipa penseli ili nikikosea nifute. Nikaikataa, nikaomba kalamu ya wino. Pale penye mke nimeandika Novlette Dawkins. Pale penye watoto nimeandika Tashana. Anwani ya kwangu ni Old Harbour, nyumba ya bluu isiyo na namba, nyuma ya soko la samaki. Maandishi yanasomeka.

Inabaki kitu kimoja, na hicho kiko kwako. Bi Friesen anasema, kwa kuwa mimi mwenyewe nimeapa miaka mitano kwamba ninaishi na mama yangu, neno langu peke yake sasa halina uzito. Mama mwenyewe ndiye wa kusema haishi na mimi. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi aliyoichapa. Mstari wa kwanza unasema wewe ni mama yangu. Wa pili unasema siishi nyumbani kwako. Wa tatu unasema mwanangu anaishi na, halafu pako wazi, ambaye ni, halafu pako wazi tena, wake. Ningeweza kupajaza. Nimepaacha. Jaza wewe, kwa mkono wako, kisha uipeleke kwa Bwana Pinnock, shahidi wa viapo, aipige mhuri kama anavyopiga kila kitu. Siku zilizobaki ni kumi na nane.

Ukiandika "anaishi na muuza samaki, ambaye ni balaa yake," watu wa kodi watatosheka vile vile, nimeshauliza. Wao wanataka ukweli tu. Mimi ndiye ninayetaka zaidi. Nakupenda, Mama, na sikukudanganya kwa dharau. Nilikudanganya kwa sababu siku ile ulipoweka mikono kiunoni niliona nitawapoteza wote wawili, nikadhani nikinyamaza nitabaki nanyi wote. Nilichofanya ni kumnyima kila mmoja wenu mwenzake. Nimekosa kwako, na kwake nimekosa zaidi.

Na kama nimeshafungua mdomo, niufungue wote. Sitaki kuozeshwa na kalenda. Nataka kumwoa Novlette Desemba, nikishapumzika wiki mbili, kanisani kwako, Buff Bay, wewe ukiwa kiti cha mbele na ile sketi. Sijamwambia bado. Naomba ruhusa yako kwanza, kama ulivyonilea. Ukikubali, huna haja ya kuniandikia maneno mengi. Loweka matunda ya keki nyeusi ya harusi sasa hivi, yakae kwenye divai mpaka Desemba, nami nitasikia kwa Miss Ivy kabla hujafunga kifuniko.

Sasa la mwisho. Najua miwani yako ilivunjika tangu Krismasi na mpya haijafika, na barua unasomewa na yeyote aliye karibu. Mwenzetu mmoja alikuwa anarudi nyumbani kwa msiba, nikampa bahasha hii aipeleke Old Harbour, kwenye ile nyumba ya bluu. Niliagiza hivi: ifikishwe kwa Mama kwa mkono, isifunguliwe njiani, asomewe yote bila kuruka neno, hata la matusi. Mwenye nyumba hiyo aliponiuliza kwenye simu ndani kuna nini, nilimwambia ndani kuna jibu la swali lake la Januari. Kwa hiyo huyu dada aliyebisha hodi leo, ukamkaribisha kama mgeni, akakuambia ametumwa na Clovis na akajitolea kukusomea, haijui barua hii zaidi yako. Anaisikia sasa hivi, pamoja nawe, kwa sauti yake mwenyewe.

Nisalimie wote wanaoniulizia. Funika goti wakati wa mvua, usibishane na Miss Ivy kwenye jua, na uniombee kama kawaida. Mungu akulinde mpaka tuonane Novemba.

Ni mimi mwanao akupendaye, makamu mwenyekiti wa domino na mwongo mstaafu,

Clovis

Novlette, ukifika hapa usiseme kitu. Kunja barua, uketi, umwache Mama ajibu kwanza.